Mishubiri Iliyoshiba Maji

Alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na kazi hiyo ilimwachia vidole vilivyokunjamana na imani moja: hakuna tatizo duniani lisilopungua likimwagiwa maji. Mtoto akilia, maji. Mgeni akinuna, maji. Majirani wakamwita Mama Maji, naye akaitika.

Alipostaafu, mwanawe mkubwa alimchukua akaishi kwake. Kila akigusa ufagio, mkwewe alimpokonya kwa heshima zote: "Mama, pumzika." Alipumzika wiki mbili, mpaka kiuno kikamuuma. Akarudi kwake, akapanda mishubiri uani, safu sita, akajiandikisha kwenye kiwanda cha dawa kinachonunua utomvu wa mmea huo. Sharti la kiwanda lilikuwa fupi: sampuli ikikataliwa mara tatu, mkulima anafutwa. La mwanawe lilikuwa fupi zaidi: ukifutwa, mama, unarudi kwetu kupumzika.

Hakuna mishubiri iliyowahi kudekezwa vile. Asubuhi ndoo, jioni ndoo, samadi kila mwezi, na turubai juu yake, maana hata shuka likizidishiwa jua hupauka. Majani yakanenepa kama mapaja ya mtoto anayenyonya.

"Wifi, hii unailisha ya kuchinja?" aliuliza dada wa mumewe kutoka upande wa pili wa ukuta. Alikuwa na maradhi ya magoti, ya mgongo na ya macho, lakini ulimi wake haujawahi kuugua hata siku moja.

Sampuli ya kwanza ikakataliwa. Akaongeza maji. Ya pili ikakataliwa. Akaongeza samadi.

Kabla ya ile ya tatu, mpimaji wa kiwanda alikuja mwenyewe, kijana wa miwani. Alikata jani, akaliinamisha juu ya kibakuli. Utomvu ukachuruzika, mwepesi kama chai ya bweni. Akauonja kwa ncha ya kidole. Uso wake haukubadilika, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

"Mama, huu mmea hutengeneza uchungu ukibanwa. Jua, kiu, mawe. Na uchungu wenyewe ndio dawa. Huu wako hauna adui. Ujisumbue kwa lipi?"

"Kwa hiyo kosa langu ni malezi mema?"

"Kwa mshubiri, ndiyo, mama."

"Na kwa watoto pia," wifi alidakia ukutani. "Kamuone yule wake mkubwa."

Mama Maji alikuwa amekumbuka kitu. Siku ya kupanda, miche iliyosinyaa aliitupa nyuma ya bafu, juu ya matofali yaliyovunjika. Alikwenda kuangalia. Haikufa. Ilikuwa mifupi, imekunja majani, myekundu kwa jua, miiba imesimama kama kidole cha mtu mwenye neno la kusema. Akakata jani moja, akalamba. Akatema mara tatu, akasukutua, akatema tena.

"Chukua hii," alimwambia mpimaji, macho yakimtoka machozi.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Kwa siku hizo alifua mapazia yaliyokuwa safi, kisha akayafua tena. Simu ilipokuja, ilisema amekubaliwa, ila zile safu sita nazo zizoeshwe shida: turubai litoke, ndoo ikome.

Turubai likatoka. Wiki ya tatu majani yalianza kujikunja na kuwa mekundu pembeni. Asubuhi moja wifi alichungulia, akamkuta amesimama mbele ya safu ya kwanza na ndoo imejaa hadi ukingoni.

"Wifi! Unataka kwenda kupumzika?"

Mama Maji aliutazama mmea ulio mbele yake. Ulikuwa na kiu, hilo halikuhitaji miwani. Akageuka na ndoo yake taratibu, akaibeba mpaka upande mwingine wa ua, akalifua turubai. Alilisuuza mara mbili.