Mpira wa Chini ya Sinki

Ninyi vijana mtakaosoma hii, kitu kikiharibika mnakimbilia simu. Sawa. Mimi niliishia darasa la nne, na sinki yangu nimeitengeneza kwa mikono hii. Sikilizeni kwanza, kucheka mtacheka baadaye.

Nakaa Ngoingwa, kwa nyumba ambayo mume wangu aliiacha haijapakwa rangi. Rangi nilipaka mimi. Nakaa na mjukuu wangu wa kike, msichana mkubwa anayefanya kazi ya saluni mjini Thika. Amepewa jina langu, kama desturi yetu ilivyo, kwa hivyo baba yake hutuita sisi wawili "maitu", yaani mama. Huyo baba yake ndiye mwanangu wa kwanza. Amejenga nyumba za kukodisha huko Mugutha, na chumba kimoja cha chini ameniwekea mimi. Mwaka mzima ananiambia nihamie, mwaka mzima nakataa.

Sasa sinki ikaanza kuvuja. Mfereji wa kufungulia maji ulikuwa mzima. Shida ilikuwa chini, pale bomba la maji machafu linapoungana na kile kikombe cha plastiki kinachoshika uchafu. Fundi alikuja, akapaka silikoni nyeupe, ile gundi ya kuziba, kama mtu anayepamba keki, akaenda zake. Siku ya pili kabati lote lilikuwa limelowa, linanuka. Mwanangu alipopita kunisalimia akafungua kabati, akashika kiuno.

"Maitu, hii nyumba imekushinda. Jumamosi nakuja na pikapu."

"Ya kubeba nini?"

"Vitu vyako."

"Vitu vyangu viko mahali pake."

"Na hii harufu je?"

"Basi beba harufu."

Alicheka, lakini namjua, nilimzaa. Alikuwa amekata shauri. Akija Jumamosi akute bado inavuja, mimi nitasema nini? Mtoto akishakuhurumia sana, kesho atakuchagulia mpaka saa ya kulala.

Ijumaa asubuhi nikatoa kila kitu kwa kabati, nikaweka beseni chini, nikapiga magoti.

"Shosho, mgongo wako!" mjukuu akaniambia. "Wacha niite fundi."

"Fundi gani? Yule wa keki?"

Nikakwangua silikoni na kisu cha kumenya viazi. Nati ya plastiki nikaizungusha kwa mkono, ikakataa, nikaifunga kitambaa, ikakubali. Maji meusi yakashuka kwa beseni. Ngai, ile harufu! Ndani ya nati kulikuwa na pete ya mpira. Ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, na imepasuka. Nikaijua mara moja, kwa sababu mpira wa sufuria yangu ya presha ulikufa hivyo hivyo. Moto ndio uliuua.

Na moto uliutoa wapi? Kwetu sisi wenyewe. Hapa tunachemsha nduma, yaani magimbi, karibu kila asubuhi. Zamani maji yake tulimwaga nje, kwa mtaro ulio kando ya migomba. Mwanangu alipoleta sinki akasema, "Maitu, sasa hutoki nje tena," na sisi tukatii. Maji yanatokota, tunayamwaga pale pale. Wa kwanza kumwaga nilikuwa mimi. Nakubali, na sitaki kuongezewa maneno.

Nikaufunga ule mpira kwa leso, nikapanda boda mpaka mjini, kwa mzee Mhindi mwenye hadwea, ambaye tulinunua misumari kwake tukijenga.

"Mama, chukua hii yote mpya," akasema, akiniletea kikombe, mabomba na kila kitu.

"Ng'ombe akipoteza kengele, wewe unanunua ng'ombe mwingine?"

"Haya, haya. Fundi wako ako wapi?"

"Si unaongea na yeye?"

Akanitazama juu ya miwani, akapima mpira wangu na mwingine mpaka akapata ndugu yake. Nyumbani nikausugua mdomo wa bomba mpaka ukawa safi, nikavisha mpira, nikakaza nati kwa mkono tu. Spana nilikataa. Plastiki ukiilazimisha inapasuka. Kisha nikatandika gazeti kavu chini yake.

Jumamosi pikapu ikaja. Mwanangu hata chai hakungoja. Alijaza sinki mpaka juu, akaachilia maji yote mara moja, akainama na tochi ya simu. Gazeti lilikuwa kavu. Akaligusa na kidole, halafu akaligusa tena.

"Nani ametengeneza?"

"Maitu," mjukuu akajibu.

"Maitu yupi?"

"Si mimi, baba. Mimi niliogopa harufu."

Akainuka, akapangusa magoti. "Lakini maitu, hata kama..."

"Hata kama nini? Ulisema nyumba imenishinda kwa sababu ya sinki. Sinki ndiyo hiyo. Pikapu itarudi na mkungu wa ndizi, na mimi nitabaki na nyumba yangu."

Wakati huo nduma zilikuwa zimeiva, na mjukuu, kwa mazoea, akainua sufuria inayotoka moshi akaielekeza kwa sinki.

"Simama hapo hapo!" nikasema. "Kuanzia leo, maji ya moto katika nyumba hii yanamwagwa nje kwa mtaro, na anayekuja na pikapu ndiye anabeba sufuria. Haya mwanangu, mpokee maitu yako mdogo hiyo sufuria, umwage."