Unga Niliomwaga Kwenye Migomba, Leo Mama Mkwe Anaunywa

Admini, nifichie jina, maana hata mume wangu anafuatilia ukurasa huu. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu. Tunalima mboga huku milimani, karibu na Soni.

Kwa muda mrefu nilisumbuliwa na kichwa. Ikifika saa nne kinagonga, nikiinama kung'oa karoti naona nyotanyota. Nikaenda zahanati, nesi akanipima, akakuta damu iko chini kidogo. Akaniuliza asubuhi nakula nini. Nikasema chai ya rangi. Alinisema mbele ya watu: "Dada, mboga zenye madini ya kukusaidia unazijaza kwenye matenga wakale wa Dar, wewe unabaki na chai! Kula mchicha, maharage, karanga, mbegu za maboga. Na maji unywe." Niliona aibu lakini nilitii. Kila tukivuna, natoa kwanza fungu letu.

Wiki hizohizo mume wangu akarudi na kopo la unga wa virutubisho, kajiunga na watu wanaouza. Eti una vitamini zote. Kopo lenyewe lina picha ya mchicha na karoti, vitu vilivyojaa shambani kwetu! Akataka ninywe kijiko kila asubuhi. Siku ya tatu ulinichefua. Nikaona nisimvunje moyo, nikawa naumwaga kwenye migomba nyuma ya jiko, nikiulizwa nasema nimekunywa.

Kichwa kilipotulia kwa zile mboga, mume wangu akaamini ni unga wake, na furaha yake ilinikera. Akanisimamisha kwenye mkutano wao: "Mke wangu, hebu waambie." Nikasema kichwa kimepoa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikaketi.

Sasa mama mkwe, mgonjwa wa presha, kaja kwetu kutoka Shume. Nimemwamkia shikamoo, hata hajaketi, kanikabidhi vidonge vyake vya hospitali. "Marahaba, mwanangu. Hivi katupe. Mume wako anafanya biashara, yeye ningemtilia shaka. Lakini wewe nimesikia umepona kwa huo unga, na hujawahi kunidanganya."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Vidonge nimevificha kwenye ndoo ya maharage. Leo siku ya nne hajavigusa. Anatembea kwa kushika ukuta, anasema macho yanaingia giza. Nikimwambia mume wangu mama arudie dawa zake, ananijibu, "Hiyo ni sumu inatoka mwilini. Kwani wewe hukupona?" Nimemchoka, na mwenyewe nimejichoka zaidi. Nikifungua mdomo, majirani walionunua watamgeuka, na yeye hataniamini tena maishani.

Leo asubuhi mama kakoroga vikombe viwili, chake na changu. Akasema "Bismillahi", akaningoja nianze. Nikameza. Naye akameza.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini upesi. Kesho asubuhi atakoroga tena. Nianze kumwambia nani, mama au mwanawe? Na nianzeje?