Wiki Mbili kwa Mama Mkubwa

Asubuhi za Lindi zilianza na harufu ya mikate ya mofa. Ilitoka uani kwa Ammi Salehe, Mshihiri mmoja mzee ambaye tanuri lake la udongo lilipakana na ukuta wa chumba nilichokuwa nalala, ikapenya dirishani na kunifikia kabla sijafumbua macho. Kwetu Milola asubuhi ilinukia moshi wa kuni na majani mabichi ya muhogo, na umande uliokauka taratibu juu ya udongo mwekundu. Kwa hiyo kila siku, kwa kitambo kidogo kabla sijaamka sawasawa, nilikuwa sijui niko wapi. Nilikuwa na miaka tisa na hali ile ya kutojua niliipenda. Nilijilaza kimya nikiisikiliza bahari, ambayo mwanzoni nilidhani ni upepo unaopita kwenye mashamba ya mtama ambayo sijayaona.

Nilikuwa nimekuja likizo ya mwisho wa mwaka. Mama alinifungia nguo zangu katika kanga yake kuukuu, akanipandisha kwenye lori lililokuwa linapeleka ufuta mjini, akamwomba mwanamke mmoja aliyekaa juu ya magunia anishike mkono. "Wiki mbili tu," aliniambia. "Ukamwamkie mama yako mkubwa, ukamsaidie kazi, kisha unarudi." Mama mkubwa, dada yake Mama wa tumbo moja, alikuwa mjane. Mumewe alikuwa karani bandarini, akafariki kabla hawajapata mtoto, akamwachia nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza la saruji jekundu. Nilimwona mara moja tu kabla ya hapo, kwenye msiba. Nilipofika alinishika mashavu yote mawili akanitazama muda mrefu, nikawa nasubiri aniachie.

Mtaa wake ulikuwa mfupi. Ukisimama mwanzoni unauona mwisho, lakini kwangu ulikuwa kama nchi kadhaa zilizobanwa pamoja. Upande wetu alikuwepo Ammi Salehe na mikate yake, aliyezaliwa ng'ambo, Hadhramaut, na ambaye akihesabu mikate alihesabu kwa Kiarabu. Mbele yetu ilikuwepo nyumba ya Mama Kulsum, Mhindi mshonaji, yenye mlango mzito wa mbao. Cherehani yake iliunguruma tangu asubuhi hadi adhuhuri, na akigombana na kitambaa aligombana nacho kwa Kihindi. Pembeni, katika chumba cha kupanga, alikaa Bi Atanasia, Mmakonde wa Msumbiji, mwanamke mrefu mwenye chale nzuri usoni, aliyekaanga vitumbua na kuimba nyimbo za kanisani kwa lugha yake. Waliosalia walikuwa Wamwera kama sisi, na Wayao, na familia moja ya Wangazija. Mchana wa jua kali nilijilaza juu ya mkeka barazani, macho nusu yamefumba, nikazisikia lugha zile zikipishana juu ya kichwa changu. Niliamini kila nyumba ilikuwa inafuga lugha yake kama mtu anavyofuga paka, inalala ndani na kutoka nje ikijisikia kutoka.

Lugha yangu mimi ilikuwa Kimwera, na Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni, chenye "r" na "l" zilizobadilishana mahali. Siku ya kwanza niliwaambia watoto wa mtaani "habali zenu" wakaangua kicheko mpaka wakakaa chini. Mama Kulsum alisikia, akatoa kichwa dirishani. "Nyinyi mnacheka nini?" aliwauliza. "Mimi nimezaliwa hapahapa, miaka hamsini, na bado mnanicheka. Hebu tokeni!" Akaniita ndani, akanipa vipande vya vitambaa nitengeneze mwanasesere. Tangu siku ile mchana wangu mwingi ulipita sakafuni kwake, chini ya cherehani, nikiokota nyuzi za rangi na kuzipanga, huku mguu wake ukipanda na kushuka karibu na sikio langu kama mtu anayetembea bila kufika popote.

Krismasi ilipofika, Bi Atanasia alirudi kutoka kanisani amevaa gauni la njano, akapika pilau sufuria nzima, akatutuma watoto tupeleke sahani kila nyumba. Kuku wake alichinjwa na Ammi Salehe mwenyewe, ili sote tuweze kula. Nilibeba sahani zilizofunikwa kawa, nikavuka barabara huku na kule, na kila nyumba sahani haikurudi tupu. Kwa Mama Kulsum ilirudi na vitu vyekundu vitamu ambavyo sikuvijua jina, kwa Wangazija ilirudi na mkate wa kumimina. Jua lilikuwa limelegea na mtaa mzima ulikuwa unanukia iliki. Nilimwambia mama mkubwa kwamba nikirudi Milola nitawasimulia yote haya na hawataniamini. Alikuwa ananisuka. Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu, kisha vikaendelea.

Siku chache baadaye Mama Kulsum aliniita nisimame juu ya kigoda. Alinipima kiuno kwa futi, akanipima kutoka kiunoni hadi chini ya magoti, huku pini zikiwa mdomoni. Nilidhani ni gauni la kurudia nyumbani. Kisha akainua sketi ya bluu iliyokwisha kukatwa, bluu ileile wanayovaa wanafunzi wote, akanivisha kwa pini, na mama mkubwa akawa ameingia na kusimama mlangoni. "Nimeacha upindo mkubwa," Mama Kulsum alimwambia. "Akirefuka unashusha. Ataivaa hapa mpaka darasa la tano."

Mama mkubwa alimkonyeza, lakini alichelewa. Hapa. Mpaka darasa la tano. Mimi nilikuwa naingia darasa la tatu. Nilishuka kwenye kigoda na sketi ile yenye pini, nikasimama katikati ya chumba nikihesabu miaka kwa vidole. Mama Kulsum alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa, akasema polepole, "Kumbe mtoto hajui."

"Nitamwambia," mama mkubwa alijibu. Hakuniambia. Siku ile hakuniambia, na siku ya pili alinipikia wali wa nazi na samaki, chakula cha sikukuu, tukala tukitazama sahani. Kilichoniumiza sana hakikuwa wazo la kubaki. Moyoni, kusema kweli, mara nyingi nilikuwa nimetamani kubaki. Kilichoniumiza ni zile wiki mbili za Mama. Nilimkumbuka akinifungia nguo, uso wake umeinama, na sasa nikaelewa kwa nini alizifunga zote, hata lile koti la baridi ambalo Lindi halina kazi.

Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, mama mkubwa alipokuwa kisimani, nilizikusanya nguo zangu katika kanga ileile nikaenda stendi. Njia niliijua kwa kubahatisha. Nilifuata miteremko, nikapita magofu ya maghala, nikafika. Mwanamume mmoja aliyekuwa anakaza kamba za mzigo aliniuliza naenda wapi peke yangu. Nikamwambia Milola. "La Milola limeondoka asubuhi," alisema. "Njoo kesho na mkubwa wako." Nikakaa juu ya kifurushi changu kando ya ukuta, nikaamua kwamba nitangoja hiyo kesho palepale.

Bi Atanasia ndiye aliyeniona. Alikuwa anatoka sokoni na beseni la unga kichwani. Hakunigombeza. Alitua beseni, akakaa chini karibu nami akinyoosha miguu yake mirefu kama mtu aliyefika kwake.

"Unakwenda kwa mama?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Kufanya nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. "Kumwuliza kwa nini alinidanganya," nilisema, na hapo ndipo nilipolia.

Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaniambia habari zake, kwa sauti ya kawaida, huku akipangusa unga kwenye mikono. Kwao kulikuwa na vita. Alikuwa na umri kama wangu, pengine mdogo zaidi, walipofika ukingoni mwa mto Ruvuma, na mtumbwi ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi. Mama yake alimpandisha pamoja na shangazi yake. "Akaniambia, tangulia, mimi namfuata mdogo wako kijijini, nakuja kesho. Basi nikangoja upande huu. Nimengoja, nimengoja, mpaka nimejua Kiswahili." Akalisogeza beseni lisipate vumbi. "Mpaka leo sijui. Pengine alikuwa anajua haji, pengine hakujua. Lakini ningejua mimi, ningemtazama vizuri. Mimi nilikuwa natazama maji."

Nilimwuliza alikuwaje, huyo mama yake. Alifungua mdomo, akafikiri, akatikisa kichwa.

"Mama yako wewe amekufa?" aliniuliza.

"Hajafa."

"Basi anaulizika. Twende."

Tulipoufikia mtaa wetu mama mkubwa alikuwa amesimama katikati ya barabara, kichwa wazi, hana hata mtandio, yeye ambaye hakuwahi kutoka hata barazani bila kujifunika. Ammi Salehe na Mama Kulsum walikuwa pamoja naye. Alinivuta kwake kwa nguvu nikasikia moyo wake ukigonga. Bi Atanasia hakuondoka. "Dada," alimwambia, "huyu hakukukimbia wewe. Mwite mama yake aje aseme kwa mdomo wake." Mama mkubwa alisema alitaka nizoee kwanza. "Nitazoeaje kitu nisichokijua?" nilisema, nami mwenyewe nikashangaa kuisikia sauti yangu. Asubuhi yake Mama akapelekewa salamu kupitia dereva wa lori.

Mama alifika siku ya pili yake, na kuku wawili na mfuko wa muhogo. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikabaki nilipo, sikumkimbilia. Waliingia ndani yeye na dada yake. Nilisikia sauti zao za Kimwera zikipanda na kushuka, kisha kilio, sikutambua cha nani. Walipotoka wote wawili walikuwa na macho mekundu, wakakaa mkekani, mmoja kila upande wangu.

"Dada yangu hana mtu," Mama alisema. "Na shule yetu ina walimu wawili, na wewe una kichwa. Hayo mawili nilikuwa nayo moyoni tangu mwaka jana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia," alisema. "Nami ningelia. Ungelia ningekushusha kwenye lori." Alishika ncha ya kanga yake akaizungusha kidoleni. "Sasa nimekuja. Ukisema turudi, kesho tunarudi, na mama yako mkubwa hatakasirika."

Nilimtazama mama mkubwa. Aliitikia kwa kichwa, lakini mikono yake ilikuwa imekamatana mapajani kama inayozuiana. Nikaomba nifikirie. Nilifikiri siku nzima chini ya cherehani ya Mama Kulsum, ambaye kwa mara ya kwanza hakuzungumza hata na vitambaa. Jioni nikawaambia nitabaki, lakini Mama anipeleke shule yeye mwenyewe siku ya kwanza, na siku ya kuondoka aniage.

Alikaa mpaka shule ilipofunguliwa. Alinishika mkono hadi getini, sketi yangu ikiwa bado ngumu kwa upya. Kesho yake tulimsindikiza stendi. Nilimtazama vizuri. Nilitazama kovu dogo kwenye nyusi yake, jino lililopandana na mwenzake, nyufa za visigino, namna alivyopanda juu ya magunia kwa goti la kushoto kwanza. Tulilia wote watatu mbele za watu, na hakuna aliyetuzuia. Lori lilipokata kona mama mkubwa alinishika mkono, nami nikamwachia aushike.

Miaka imekwenda. Mama mkubwa nilimzika mwenyewe, kama binti yake, na cheti changu cha ualimu alikuwa amekitundika ukutani juu ya kitanda chake. Mama yupo Milola, haoni tena vizuri. Mama Kulsum alihamia Dar kwa wanawe, na katika nyumba yake sasa zinatengenezwa simu. Bi Atanasia alikwenda Msumbiji mara moja, akarudi baada ya mwezi, akaendelea na vitumbua vyake. Sikuthubutu kumwuliza. Mimi naishi Kilwa Masoko, katika mtaa wenye Msukuma wa ng'ombe, Mchaga wa duka, Wamatumbi na Wamakonde, na bodaboda zinapiga kelele tangu alfajiri. Watoto wa hapa wote wanazungumza Kiswahili kimoja cha mitandaoni, na hakuna anayemcheka mwenzake kwa "r" na "l". Ni jambo jema, ingawa mchana nikijilaza nasikia lugha moja tu, na usingizi hauji kama ule.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike alinipigia kutoka Milola. Anataka binti yake, Zuhura, aje asome kwangu. "Nimemwambia anakuja likizo," alisema. "Atazoea."

Nilimwambia ampe mtoto simu. Nikamsikia akipumua, akaniamkia.

"Mama mkubwa," alisema, "ni wiki mbili, si ndiyo?"

"Hapana," nilimwambia. "Ni miaka. Shule, mpaka umalize. Mama yako anajua. Na kama hutaki, sema, hakuna atakayekukasirikia."

Nyuma yake jogoo wa kwao akawika.

"Ngoja nifikirie," alisema Zuhura, akakata simu. Bado namngoja.