Wimbo wa Domina pale Shahe

Unazikumbuka zile komedi za zamani kwenye televisheni? Kabla mtu hajafungua mdomo, wimbo umeshamwaga kila kitu: huyu kafukuzwa kazi, yule kaachika, na wote sasa wanabanana nyumba moja na mama mkwe. Hata ukichelewa sababu ya kuosha vyombo, huna haja ya kuuliza. Domina alizipenda mno, ndiyo maana akajitungia wake.

Pale Shahe, soko la nguo la Guangzhou, kila mteja kutoka Tanzania alikuwa akimhoji: dada, kwenu wapi, ulifikaje huku, mbona chuo hukumaliza? Akachoka. Wauzaji wa Kichina hurekodi bei kwenye vipaza sauti vidogo vikapiga kelele kutwa. Yeye akarekodi maisha yake:

Huyu ndiye Domina, Bukoba katokea,
Alijia udaktari, maiti kakimbia,
Vitabu kavifunga, suruali kashikia,
Ukitaka dazeni, kwake we ingia.

Wateja wakacheka, wakanunua, maswali yakaisha. Majirani wakaukariri bila kuelewa hata neno. Laoban Chen, yaani bosi wa kibanda cha pili, aliamini ni dua ya biashara. Basi kila asubuhi Domina akitokea, kichochoro kizima kinamwimbia, haki ya Mungu, mpaka mfagiaji.

Shida ni mama yake. Kule Bukoba mama alijua binti ni daktari, na kwa miaka minne Domina alimdanganya kwa koti jeupe la kuazima kila walipopigiana simu ya video. Mama alipokuja kumtembelea, hakuleta zawadi ya senene wa kukaanga. Alileta bahasha sita za picha za eksirei za mtaa mzima, ya juu kabisa ikiwa goti la mzee Theophil. Domina akaiinua dirishani, akakunja uso, akaguna. Alijichukia mpaka chakula kikamshinda.

Kesho yake mama akataka kuliona soko. Domina alishatoa betri kwenye kipaza sauti, akaingia naye kifua mbele. Masikini! Laoban Chen alipoona mashine kimya na mgeni wa heshima yupo, alimwonea huruma. Akapiga makofi, akaanzisha mwenyewe. Kichochoro kikapokea kwa lafudhi iliyopinda, lakini kila neno likafika.

Mama alisimama, mkoba kifuani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaashiria warudie. Wakarudia, tena kwa madaha.

"Ulikimbia maiti," mama alisema.

"Nilikimbia, mama. Niliogopa kukwambia."

Mama akaketi juu ya furushi la suruali, na machozi yakamtoka mbele za watu. Domina akapiga magoti kwenye mabaki ya nailoni, vile anavyomsalimu nyumbani, na aibu ikamjaa hadi masikioni.

"Wachina wote hawa wanajua," mama alisema. "Na humo wimboni mimi simo."

Laoban Chen, akidhani wanashukuru, akaanza upya. Wimbo ulipofika mwisho mama hakuwaacha wanyamaze. Alijifuta uso kwa kanga, akaongeza mstari kwa sauti ya kwaya:

Na mama kaja mwenyewe, wa mwisho kusikia.

Kichochoro kikaudaka mstari huo kwa furaha kubwa. Mama amesharudi Bukoba na eksirei zake, ila mstari hawajauacha. Kila asubuhi wanamwimbia Domina mistari yote mitano, na ukifika ule wa mama, yeye huinamia mizigo.