Saa Tatu Zilizompoteza Masele

Nyanjige Ngeleja aliitaja saa ile kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu watano, na hakuna aliyemlazimisha. Hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko mengine yote.

Alikuwa binti wa kijiji cha Shishiyu, mtoto wa wakulima wa pamba. Utotoni kwake pamba iliuzwa kwa chama cha ushirika tu. Ushirika ulipoyumba na makampuni binafsi yakaruhusiwa kununua, mizani mipya ikaota kila kijiji kama uyoga, na Bariadi mjini kampuni moja yenye makao yake Mwanza ikajenga jineri ya kuchambulia pamba. Wakati huo Nyanjige alikuwa amerudi nyumbani na cheti cha kompyuta ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Aliyemwombea nafasi jinerini ni Masele, jirani yao, mwendesha redio koli pale kiwandani.

"Huyu ni mtoto wangu," Masele alimwambia meneja. "Akiharibu, mnishike mimi."

Masele alikuwa mtu wa miaka hamsini na kidogo, mzee wa kanisa, mpole, mwenye sauti nzito iliyojulikana na makarani wa vituo vyote kuanzia Dutwa mpaka Maswa. Nyanjige alimwita baba. Masele naye alimwita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyomwita binti wanayemheshimu. Mchana, wenzao walipokwenda kula kwa mama lishe, Masele alibaki chumba cha redio akitafuna michembe ya viazi aliyofungiwa na mkewe, Milembe, na mara nyingi alimwachia Nyanjige nusu.

Mwaka 2004 kampuni iliunganisha kompyuta za Bariadi na za Mwanza. Kikaja kisanduku cheusi kiitwacho ruta, mlango ambao kila ujumbe uliotoka au kuingia ulipita. Ruta ile iliandika kila kilichopita: kompyuta ipi, siku gani, saa ngapi. Lakini saa yake ilikuwa mateso. Haikuwa na betri, kwa hiyo kila umeme ulipokatika ilirudi nyuma miaka kumi na moja, ikaandika mambo ya leo kwa tarehe za 1993. Nyanjige aliirekebisha kwa mkono, akitazama saa yake ya mkononi, mpaka akachoka. Mwisho Salu, fundi mwenzake wa Mwanza, alimwelekeza kwa simu namna ya kuifanya iulize saa kwenye seva ya makao makuu. Tangu hapo ruta ikawa inajisahihisha yenyewe. Nyanjige alijivuna nayo. Mgeni akiingia, alimwambia, "Saa ya kuaminika kuliko zote Bariadi ni hii."

Juni 2005, siku chache kabla ya msimu kufunguliwa, barua ya siri kutoka makao makuu, yenye mpango mzima wa vijiji vitakavyopelekewa mizani na magari, ilitua mikononi mwa washindani. Msimu ulipofunguliwa, kila kijiji makarani wa kampuni walichokwenda, walikuta washindani wamefika jana yake. Fredrick, meneja, aliita kikao. Akamtaka Nyanjige aeleze ruta inasemaje.

Alikuwa ameshachapa karatasi. Ujumbe uliobeba barua hiyo ulitoka kwenye kompyuta ya chumba cha redio, siku ya Jumanne.

"Saa ngapi?" Fredrick aliuliza.

"Saa sita na dakika arobaini mchana."

"Una hakika?"

"Saa hii haidanganyi, bosi. Inachukua wakati wake Mwanza."

Wote wakamgeukia Masele. Fredrick akamuuliza saa hiyo alikuwa wapi. Masele angeweza kusema lolote, lakini hakuwa mtu wa hivyo.

"Nilikuwa chumba cha redio. Nilikuwa nakula. Niliondoka saa saba kwenda Malampaka kupokea misumeno ya jineri iliyokuja na treni."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Akamtazama Nyanjige, si kwa hasira. Kama mtu anayesubiri mwenzake aongeze neno. Nyanjige aliinamia karatasi yake. Aliiamini ile karatasi. Jioni hiyo Masele alikabidhi funguo. Alipita kwenye dirisha la Nyanjige akasema tu, "Haya, mayu, fanya kazi yako vizuri," akapanda baiskeli.

Habari ilifika Shishiyu kabla yake. Kanisani wakamwondoa kwenye uzee wa kanisa mpaka jambo lieleweke, na hakuna aliyejitahidi lieleweke. Kampuni nyingine hazikumtaka: nani angemwajiri mtu aliyemuuza mwajiri wake? Nyanjige alisikia haya yote na hakwenda kumwona. Alijiambia aibu ni ya Masele, si yake. Mchana alinunua maandazi akala peke yake.

Februari iliyofuata Salu alipiga simu. Mawasiliano kati ya Mwanza na Bariadi yalikuwa yakikatika na alitaka walinganishe kumbukumbu za pande mbili.

"Kwangu laini imekatika leo saa nne na robo asubuhi," Salu alisema. "Kwako?"

Nyanjige akatazama. "Kwangu saa moja na robo."

"Dada, saa moja na robo laini ilikuwa nzima. Saa yako imekufa."

Haikuwa imekufa. Nyanjige aliiuliza ruta kama inaipata seva, ikajibu inaipata. Akaiuliza imepishana nayo kiasi gani. Haikufika hata sekunde moja. Akaitazama saa yake ya mkononi, akaitazama ruta, akarudia. Tofauti ilikuwa saa tatu kamili, bila dakika kuzidi wala kupungua. Saa mbovu huchelewa ovyo ovyo. Ile haikuwa mbovu. Ilikuwa inasoma wakati wa Griniwichi, ambao uko nyuma ya wetu kwa saa tatu, kwa sababu seva husambaza wakati huo, na kila ruta huambiwa na fundi wake iongeze saa ngapi.

Nyanjige alikumbuka kuiambia. Alifungua mipangilio, mstari wa kuongeza saa tatu haukuwepo. Akafungua daftari lake: aliuandika Machi 2005, lakini pembeni, mahali alipozoea kuweka alama baada ya kusevu, hapakuwa na alama. Mstari ulikaa kwenye ruta mpaka siku umeme ulipokatika, kisha ukafutika. Na umeme ulikatika Mei, upepo ulipoangusha nguzo. Daftari la jenereta lilisema umeme ulirudi saa sita na dakika kumi mchana. Ruta, mara tu ilipoipata seva siku ileile, iliandika saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo tangu Mei kila saa ilikuwa na upungufu wa saa tatu. Na barua ilitoka Juni.

Hakuhitaji karatasi kujumlisha. Saa sita na arobaini ilikuwa saa tisa na arobaini alasiri. Alipekua faili la stoo akakuta hati ya reli: mzigo wa misumeno, Malampaka, umepokelewa saa tisa na nusu, sahihi ya Masele, herufi zake kubwa zilizolala upande.

Alimpelekea Fredrick karatasi zote tatu: ya ruta, ya jenereta na ya reli. Meneja alizisoma polepole.

"Alasiri ile ufunguo wa chumba cha redio ulikuwa na nani?" Nyanjige aliuliza.

Fredrick akainua macho. "Unataka kusema nini?"

"Nauliza tu, bosi."

"Jambo hilo lilishafungwa. Rekebisha saa yako, uendelee na kazi."

Alirekebisha. Safari hii alisevu, akazima, akawasha, akahakikisha. Kisha akakaa siku tisa bila kwenda Shishiyu. Kila asubuhi alijipa sababu: basi, mvua, kazi. Siku ya kumi sababu zilimwishia.

Alimkuta Milembe uani anapepeta mtama, kichwa kimenyolewa. Nyanjige akasalimia, "Mwadila, mayu." Milembe akaitikia bila kuacha ungo.

"Nimemfuata baba."

"Umechelewa," Milembe alisema. "Tulimzika siku ya Jumamosi. Alikwenda kwenye mashimo ya dhahabu, upande wa Geita. Mtu wa umri ule! Udongo ukamshukia."

Nyanjige akahesabu: Jumamosi, siku ya sita tangu agundue. Akapiga magoti palepale kwenye makapi ya mtama, akaeleza yote, pamoja na zile siku tisa. Milembe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa Malampaka."

"Alikuwa Malampaka, mayu."

"Mimi nilijua. Hata siku moja sikumuuliza." Akaweka ungo chini. "Mimi usiniambie tena. Nenda kawaambie wale waliomtoa kwenye kiti."

Jumapili Nyanjige alisimama mbele ya kanisa. Alieleza kwa Kisukuma, maana Kiswahili cha kompyuta kisingefika kule. Aliwaambia kuna saa mbili, ya Ulaya na ya kwetu, na kwamba yeye alisoma ya Ulaya akiapa ni ya kwetu. Aliinua hati ya reli. Wengi walilia. Thomasi, mzee aliyekuwa amepewa nafasi ya Masele, aliuliza kwa sauti ndogo, "Binti, ulijua lini?"

Akamtajia siku. Milembe aliinuka akatoka nje.

Jina la Masele likasomwa tena miongoni mwa wazee wa kanisa, likitanguliwa na neno marehemu. Mkataba wa Nyanjige haukuongezwa msimu ule. Aliyetuma barua hakutajwa kamwe. Nyanjige alihamia Dutwa, akafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio, na hapo ndipo alipokaa. Ni fundi mzuri, watu hutoka mbali kumfuata. Kila mwaka wakati wa palizi hufunga kibanda wiki moja, huenda Shishiyu kupalilia shamba la Milembe. Hupalilia pamoja, mstari kwa mstari, kuanzia asubuhi. Milembe humpa maji, humpa chakula, humwuliza habari za wazazi. Lakini hajamwita mayu mpaka leo, na Nyanjige hajawahi kumwomba.