Mfumo wa Forodha Unamtaka Marehemu Baba

Leo forodhani nimeambiwa nimlete baba aje aweke kidole.

Baba yangu amekufa!

Tende za dukani kwetu zimeshafika, Ramadhani inabisha hodi, lakini kwenye mfumo mpya wa kutolea mizigo mwenye mali bado ni yeye. Cheti cha kifo nimekipeleka mara tatu. Tatu!

Karani ananitazama usoni bila haya: "Pole dada. Mimi najua mzee hayupo. Mfumo ndio haujui."

Anajua, ndiyo. Jeneza alilibeba begani, na pilau ya hitima alikula kwetu.

Jamani, kama nilichomjibu ni utovu wa adabu, nisuteni:

"Basi kachukue hicho kimashine cha vidole ukipeleke makaburini Kaole. Njia si unaijua?"