Encryption ya 128-bit, na password iliyoshangiliwa matangani

Wakuu, heshima kwenu. Hii ilinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Homa Bay, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Enzi za disketi, mnazikumbuka? Nilikuwa clerk kwenye mradi mdogo wa kupima ukimwi. Matokeo tuliyachapa Rangwe, tukayatuma Homa Bay kwa disketi. Nazikosa siku hizo, hata kelele za printer.

Ndani ya faili kulikuwa na jina la dada yangu Akinyi, aliyeuza samaki wa kukaanga pale gatini Homa Bay. Alikuwa positive. Wakati huo habari kama hiyo ikivuja, hakuna mtu angekula chakula cha mkono wako.

Akaja muuzaji kutoka Nairobi na programu ya encryption, ya kufunga faili isisomeke bila password. "Ufunguo wa wengine ni 40-bit. Hii ni 128!"

Nikauliza nani mwingine ameikagua, na password itachaguliwaje. Akanijibu 128 tena. Bosi wetu macho yalishamng'aa.

Password akachagua bosi mwenyewe.

Jumamosi moja tuko matangani Rangwe. Mnajua pakruok: unasimamisha muziki, unatoa noti, unajisifu. Bosi akashika maiki: "An Thuond Rangwe!" Yaani yeye ndiye shujaa wa Rangwe. Umati ukamshangilia kwa jina hilo, wanalijua wote.

Hiyo ndiyo password niliyokuwa naandika kila asubuhi.

Wiki iliyofuata disketi yenye jina la Akinyi ikapotea njiani.

"Tulia, ni 128," bosi akasema.

"Jaduong', mzee wangu, password yako hata wauza nyanya wanaijua."

Akavua miwani.

Nikakimbia kwa Akinyi, nikamweleza yote. Akaendelea kugeuza samaki. Kisha akasema, "Omera, ndugu yangu, afadhali wasikie kwangu." Akawaita wamama wa meza za jirani, akawaambia pale pale. Nililia mbele ya wateja.

Disketi haijapatikana hadi leo.

40-bit ilikuwa ndogo kweli, sikatai. Lakini mtu akikuuzia usalama kwa kutaja bit tu, muulize password inatoka wapi, nani anaijua, na nani asiye muuzaji ameikagua hiyo kazi.

Akinyi alishatutoka. Kama kuna mtu humu alikula samaki wake pale gatini baada ya siku ile, naomba aandike hapa chini. Nataka tu kumwambia asante.